Namba Isiyogawanyika ya Mtaa wa Tisa

Jumatatu, 5 Agosti

Siku ya kukumbukwa. Leo nimeuokoa Mtaa wa Tisa. Haujaokoka rasmi bado, lakini kazi kubwa, yaani ya kufikiri, nimeshaimaliza.

Kikao kilikuwa ukumbini baada ya sala ya alasiri. Mwenyekiti wetu, Bwana Misdi, alisimama na uso wa mtu aliyetafuna pilipili bila kujua. Akasema kata inataka kutugawa. Kaya zimezidi. Upande wa kushoto wa kichochoro ubaki Mtaa wa Tisa, upande wa kulia uwe Mtaa wa Kumi, na mpaka upite juu ya mtaro. Bibi Mtendaji wa kata atakuja mwenyewe siku ya Uhuru kukagua na kushindanisha malango ya sherehe ya mitaa yote ya kata, kama ilivyo desturi ya hapa Malang kwetu, na papo hapo atasikiliza wakazi wanasemaje.

Kelele! Nani abaki na ukumbi? Nani achukue hema la misiba? Masufuria makubwa ya harusi je, yakatwe kwa msumeno? Bibi Tumirah, ambaye hakuna harusi inayopikwa kichochoroni bila yeye, akaapa kwamba atakayeyagusa masufuria yake atapikwa humo humo.

Kisha akasimama Handoyo. Mwalimu mstaafu wa fizikia. Nyumba yake inatazamana na yangu. Tulifundisha shule moja hadi tukazeeka. Yeye na maabara yake, mimi na chaki yangu. Akapendekeza lango la mwaka huu liwe tai wa mianzi anayepiga mabawa upepo ukivuma. Watu wakapiga makofi. Makofi! Kwa ndege!

Nikasimama. Nikasema tai hukatwa mabawa. Tunachohitaji ni kitu kisichogawanyika. Nikasema: namba. Kumi na saba, mwezi wa nane, mwaka 1945, siku ya Uhuru wetu, halafu tisa ya mtaa wetu mwishoni. 170819459. Namba tasa, nikawaambia, isiyogawanyika kwa chochote ila kwa moja na kwa yenyewe. Bibi Mtendaji akishapita chini ya namba kama hiyo, atapata wapi uso wa kutugawa?

Misdi akaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu kwamba nimefundisha hisabati maisha yangu yote. Hilo halikuwa jibu la swali lake, lakini alilipokea.

Limepitishwa. Hata Handoyo alinyoosha mkono. Mnafiki.

Jumanne, 6 Agosti

Asubuhi nimeketi barazani na kahawa yangu kuipima namba. Kwa mkono. Binti yetu Ratri, aliyeko Surabaya, amemwambia mama yake kwamba siku hizi simu inapima namba yoyote kabla hujapepesa jicho. Nimekataa. Namba ya Uhuru haiwezi kuthibitishwa na kitu kinachoishiwa chaji.

Mbili: haiingii. Tatu: haiingii. Tano, saba, kumi na moja: wote wamegonga mlango wakarudi. Kumi na tatu alinitoa jasho, akabakiza tano. Kumi na saba akabakiza nane. Kumi na tisa akabakiza kumi na sita. Kila mara nilijisikia kama baba anayemtazama mwanawe akiwabwaga wenzake katika mieleka.

Hapo akapita mama muuza pecel. Nikanunua. Mboga zilikuwa laini, mchuzi wa karanga mzito, na nilipomaliza nikaitazama namba upya nikaona hakuna haja ya kuendelea. Namba iliyomshinda kumi na tisa ina tabia yake. Si ya kuyumbishwa na mtu.

Mama Ratri akauliza, kikanuni, upimaji unapaswa kufika wapi. Nikasema kikanuni, hadi kipeo cha pili cha namba, karibu elfu kumi na tatu. Akauliza mimi nimefika wapi. Nikamwambia. Alipepeta soya zake za kuchachushia mikate ya tempe kwa namna ninayoijua.

Mchana nimempa Gimin, mchora mabango, ruhusa ya kuanza.

Alhamisi, 8 Agosti

Upinzani kutoka mahali nisipotarajia. Bibi Tumirah!

Amesikia neno "tasa". Amekuja na ujumbe wa wanawake wanne, kila mmoja na mwiko wake, kwa kuwa walikuwa wakitoka kupika. Akaniuliza inakuwaje mzee mzima, baba wa mtoto, anataka kuandika utasa juu ya lango ambalo maharusi wanapita. Mjukuu wake anaolewa mwezi wa kumi. Je, namtakia nini?

Nikaeleza kwamba ni jina tu la kihisabati. Namba tasa haina vigawo, basi. Akasema ndicho hicho anachokisema: haina kitu!

Nimefikiri haraka. Nikamwambia kwamba namba tasa hazina mwisho; mtu akihesabu mpaka achoke atazikuta zingine mbele zinamngoja. Je, kuna ukoo gani kichochoroni wenye wingi kama huo? Wakatazamana. Mmoja akasema kumbe zinazaana. Nikasema, kwa namna fulani. Mwanahisabati yeyote angenililia machozi, lakini hakuwapo.

Wameondoka wameridhika. Bibi Tumirah ameniomba nimwandikie namba ndogo ya tasa kwenye kadi za harusi ya mjukuu. Nimempa saba. Saba nina hakika nayo.

Ijumaa, 9 Agosti

Limesimama! Mianzi miwili mirefu, ubao mwekundu juu, tarakimu tisa za dhahabu. Gimin ana mkono mzuri. Sifuri yake ni kama yai lililotagwa asubuhi.

Nilipita chini yake kwenda msikitini, nikarudi, nikakumbuka nimesahau tasbihi, nikapita tena. Watoto wa shule walikuwa wakiisoma kwa sauti. Dereva wa pikipiki alisimama akauliza ni namba ya simu ya nani. Nikamweleza. Nilimweleza kikamilifu. Abiria wake alishuka akaendelea kwa miguu.

Jioni nikamwona Handoyo amesimama chini ya lango, mikono nyuma, kichwa juu. Njiwa wake, anayemfuga kwa mashindano ya ndege kuimba, alikuwa kimya ndani ya tundu. Handoyo akaniamkia kwa adabu. Akasema, "Rangi nzuri, Mwalimu." Rangi!

Kwa nini hakusema namba nzuri? Wivu huo.

Jumapili, 11 Agosti

Maafa.

Handoyo amekuja na sahani ya ndizi za kukaanga. Nilijua kuna jambo. Mtu yule haleti ndizi bure. Akaketi, akasifu kahawa ya Mama Ratri, akauliza habari za Ratri, halafu akainama kunielekea kama daktari na kusema, polepole, "Ishirini na tatu."

Nikamuuliza ishirini na tatu nini.

"Inaingia, Mwalimu."

Nikacheka. Nikachukua penseli. Nikagawa. Haikubakiza kitu. Nikagawa tena kwa penseli nyingine. Haikubakiza kitu. Nikamwambia Mama Ratri asome tarakimu kwa sauti ili macho yangu yasinidanganye, nikagawa. Ishirini na tatu mara 7426933. Sawasawa, kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo.

Laiti mama wa pecel angechelewa kidogo! Baada ya kumi na tisa ni ishirini na tatu hapo hapo. Mlango wa jirani.

Handoyo akakiri ametumia simu. Nikamwambia hiyo si hisabati, ni umbea. Hakukasirika. Akaendelea kunihesabia mengine, nadhani akiamini ananiliwaza. Kwamba namba yangu ni pungufu: ukijumlisha vigawo vyake vyote, ukiiacha yenyewe, hupati hata sehemu ya kumi ya ukubwa wake. Kwamba ukiiandika kwa sifuri na moja, kama kompyuta zinavyoandika, idadi ya zile moja zake inakuwa shufwa, na namba za namna hiyo wanahisabati wameziita ovu. Na kwamba ukichukua miraba ya tarakimu zake ukaijumlisha, kisha ukafanya hivyo kwa jibu, na kwa jibu la jibu, namba yenye furaha hufika kwenye moja ikatulia. Yangu haifiki. Inazunguka tu milele.

Inagawanyika. Pungufu. Ovu. Haina furaha. Na iko juu ya lango kwa dhahabu!

Akasema hajamwambia mtu na hatamwambia. Nikamuuliza anataka nini. Akasema hataki kitu. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Ndizi zilikuwa tamu. Nimekula zote kwa hasira.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimeamka na nguvu mpya. Tatizo si siku ya Uhuru. Tatizo ni tisa. Tukipata namba nyingine ya mtaa, mambo yamekwisha.

Nimepima zote. Tukiwa Mtaa wa Kwanza, tisa inaingia. Mtaa wa Tatu, saba inaingia. Mtaa wa Saba, tatu inaingia. Zilizobaki ni shufwa, au zinaishia kwa tano, au kwa sifuri, hazina hata haja ya kupimwa. Yaani hakuna! Kumi nzima hakuna hata moja! Waasisi walikuwa na haraka siku ile, siwalaumu, lakini wangengoja kidogo wakamuuliza mtu wa hisabati.

Hata hivyo nikaenda kwa Misdi kumpeleleza kama mitaa huweza kubadilishwa namba. Akauliza kwa nini. Nikasema ni swali la kinadharia. Akauliza kama namba iko sawa. Nikasema haijawahi kuwa bora kuliko leo. Akanishika bega, macho yamelowa, akasema usiku halali kwa kuwaza mtaa kuvunjika, na kwamba namba yangu ndiyo inayompa usingizi kidogo.

Mtu mwema. Nimetembea nyumbani kwa njia ya nyuma nisipite langoni.

Jumanne, 13 Agosti

Njia ya nyuma! Kwa nini sikuiona mapema?

Mpango: Bibi Mtendaji aingie kwa nyuma. Asipoliona lango hatauliza swali. Nimechora mshale mkubwa kwenye kadibodi, KARIBUNI SHEREHE, nikautundika kwenye kona ya barabara ukielekea nyuma ya nyumba. Nikajificha kuona kama unafanya kazi.

Unafanya kazi kupita kiasi. Bendi ya ngoma ya shule ya kata ilikuwa mazoezini, ikauona mshale, ikakunja kona. Njia ya nyuma inapita katika uwanja wetu wa kufulia. Ngoma, tarumbeta, wasichana wenye bendera, wote ndani. Hawakuweza kugeuka kwa sababu wa nyuma walikuwa wakisukuma wa mbele. Ngoma kubwa ilipita na shuka langu. Mpiga tarumbeta alikanyaga tempe iliyokuwa ikichachuka kwenye majani ya mgomba.

Mama Ratri aliuliza ni nani aliyetundika mshale. Nikasema vijana wa siku hizi. Akasema mwandiko ule wa herufi H anaujua tangu barua za uchumba.

Sitazungumzia chakula cha usiku. Hakikuwapo.

Jumatano, 14 Agosti

Nimeamua kulikabili jambo kama mwanaume. Nitabadilisha tarakimu moja. Nani atajua?

Saa saba mchana kichochoro kizima hulala. Nikachukua ngazi, brashi, na rangi ya dhahabu iliyobakia kwa Gimin. Nikapanda. Nikafika juu, nikainua brashi, nikagundua kwamba sijaamua tarakimu ipi. Nikigusa za mbele naharibu siku ya Uhuru. Nikigusa ya mwisho tunakuwa mtaa mwingine. Nikabaki hapo juu nikifikiri, na ngazi ikaanza kutembea.

Halafu ikatulia. Nikatazama chini. Handoyo, na saruni yake ya kulalia, amekumbatia ngazi kwa mikono miwili.

"Shuka, Mwalimu. Utavunjika nyonga."

Nikamwambia nasafisha utando wa buibui. Akasema sawa, utando wa buibui, lakini nishuke. Nikashuka, nikiwa nimekalia kopo la rangi kwa namna ambayo siwezi kuieleza. Suruali yangu ya heshima sasa ina makalio ya dhahabu.

Tukasimama pale tukitazama juu. Akasema yeye pia anautaka mtaa uwe mmoja. Nyumba yake ingeangukia Mtaa wa Kumi, pamoja na kina Misdi. "Huko nitabishana na nani?" akauliza. "Wote wananikubali tu."

Sijui alikusudia kunitukana vipi, lakini nitagundua.

Ijumaa, 16 Agosti

Mkesha wa Uhuru. Mikeka imetandikwa kichochoroni kutoka mwanzo hadi mwisho, mnara wa wali wa manjano katikati, taa za rangi juu. Watu wa kushoto na wa kulia wamekaa mchanganyiko, magoti yanagusana. Bibi Tumirah amelia kidogo alipokuwa akikata kilele cha wali. Alisema huenda ni mara ya mwisho sufuria zote kuwa pamoja. Aliyekuwa karibu naye akaanza kulia pia, na wa karibu na huyo, mpaka machozi yakafika kwetu.

Misdi akaniita niseme machache juu ya namba.

Nilikuwa nimeazimia kusema ukweli. Naapa. Nilisimama nikiwa na ukweli mdomoni. Lakini walinitazama! Nyuso zote, na taa zile, na sifuri ya Gimin iking'aa juu. Nikasikia sauti yangu ikisema kwamba usiku huu tumeketi chini ya kitu ambacho hakuna mkono wa mwanadamu unaoweza kukigawanya. Makofi yalikuwa marefu. Sijawahi kupigiwa makofi kama yale hata nilipostaafu. Hasa nilipostaafu.

Misdi, kwa furaha, akamwomba Mwalimu Handoyo naye athibitishe kama mtu wa sayansi. Handoyo akasimama, akaikung'uta saruni yake, akasema hamjui mtu aliyeihangaikia namba ile kuliko mimi. Akaketi.

Kwa nini hakunimaliza? Ana mpango. Anaingoja kesho.

Jumamosi, 17 Agosti. Siku ya Uhuru

Naandika jioni. Kwa fahari.

Asubuhi bendera ilipandishwa. Mashindano ya watoto kula krupuk, zile kaukau kubwa za kukaanga, zilizoning'inizwa kwa uzi, kuvuta kamba, yote sawa. Saa nne Bibi Mtendaji akafika. Endah Palupi ni jina lake, mwanamke mfupi wa batiki ya kijani, na alikuja kwa lango la mbele kwa kuwa mshale wangu ulishachomwa jikoni kwetu.

Akasimama chini ya namba. Misdi akamweleza maana yake, kidole juu: siku ya Uhuru, mtaa wetu, namba isiyogawanyika. Bibi Mtendaji akatabasamu. Akasema alisoma takwimu chuoni, anazipenda sana namba tasa. Kisha akatoa simu.

Nikaona kidole gumba kikibonyeza. Tarakimu tisa. Ni chache sana unapozitazama zikibonyezwa.

Akakunja uso. "Inagawanyika kwa ishirini na tatu," akasema. "Nani aliyewaambia haigawanyiki?"

Mtaa mzima ukanigeukia. Kushoto na kulia. Tangu tangazo la kata litoke hatujawahi kuwa kitu kimoja namna ile.

Misdi alikishusha polepole kile kidole chake. Nilitamani angepiga kelele.

Nikachukua maikrofoni. Nikasema ndiyo, Mheshimiwa, inagawanyika, lakini kwa heshima. Vigawo vyake tasa ni vinne tu: ishirini na tatu, sitini na moja, mia moja na tisa, na elfu moja mia moja kumi na saba. Hakuna hata kimoja kilichojirudia. Haijabeba mraba wowote ndani yake. Ni namba safi, ya watu wanne wasiofanana wanaoshikana mikono. Hapo, nakiri, palikuwa pazuri, na watu walianza kupumua.

Bibi Mtendaji akauliza kwa upole kama ina sifa nyingine.

Ningenyamaza. Lakini nilikuwa na maikrofoni.

Nikasema ni pungufu. Nikasema kwa hesabu ya sifuri na moja ni namba ovu. Nikasema pia haina furaha, na nikaanza kueleza miraba ya tarakimu. Kelele zikazuka. Bibi Tumirah alipaza sauti akauliza kama mjukuu wake atapita chini ya uovu na huzuni siku ya harusi, na nikamjibu kwamba ni majina tu, na akasema hata "mwizi" ni jina tu.

Ndipo Handoyo akaja mbele. Nikasema moyoni, haya sasa, upanga unashuka. Hakuchukua maikrofoni. Alimsogelea Bibi Mtendaji akamuuliza kama mtu anayeuliza saa.

"Samahani, Mheshimiwa. Kata inataka kutugawa mara ngapi?"

"Mara mbili," akasema.

"Basi jaribu mbili."

Bibi Mtendaji akatazama namba. Hakuhitaji simu. Inaishia kwa tisa, ni witiri. "Haiingii," akasema. "Inabakiza moja."

"Inabakiza moja," Handoyo akasema. "Kila ukitukata nusu kwa nusu, kuna mmoja anabaki nje."

Kisha Bibi Tumirah akauliza, "Na huyo mmoja anayebaki nje, ndiye mwenye masufuria au ndiye atakayeyaosha?"

Kicheko kilianzia kwa wanawake kikafika kwa bendi. Bibi Mtendaji alicheka mpaka akashika mwanzi wa lango, na lango likacheza. Alipotulia akafuta macho na kusema kwamba kwa kweli kata haigawi mtaa bila ridhaa ya wakazi. Alikuja kuuliza. Anayetaka mtaa ugawanywe anyooshe mkono.

Hakuna mkono ulionyooka. Mtoto mmoja alinyoosha kuomba krupuk, mama yake akaushusha haraka.

Akasema basi, suala limefungwa, Mtaa wa Tisa unabaki mmoja. Misdi akamkumbatia mtu wa kwanza aliyemkuta, nami nilikuwa mtu huyo. Alininong'oneza sikioni kwamba atanisamehe wiki ijayo. Bibi Tumirah alipiga sufuria kwa mwiko kama kengele. Hata njiwa wa Handoyo aliimba, na inasemekana hakuwa ameimba tangu mwezi wa sita.

Zawadi ya lango bora imekwenda Mtaa wa Nne. Wametengeneza tai wa mianzi.

Jumapili, 18 Agosti

Nimelala vizuri. Nimeamka nikiwa mshindi.

Nikitafakari kwa utulivu naona kwamba mambo yote yalikwenda kama nilivyopanga. Nani aliyechagua namba witiri? Mimi. Je, ningechagua shufwa tungekuwa wapi leo? Tungekuwa Mtaa wa Kumi nusu. Nimemweleza hivi Mama Ratri wakati wa chai. Akasema hata tisa peke yake ni witiri, tungeandika tisa moja tu na Gimin angemaliza kabla ya adhuhuri. Hana jicho la kuona mambo kwa ukubwa wake.

Handoyo amekuja na wali uliobaki jana. Ameketi barazani kwangu asubuhi nzima. Tumebishana kama tai wa Mtaa wa Nne alipiga mabawa kwa upepo au kwa mtu aliyejificha nyuma akivuta kamba. Yeye anasema upepo. Mimi nasema kamba. Tumefika mpaka kupigiana meza, na Mama Ratri ametuongezea kahawa bila kuombwa. Wakati wa kuondoka akaniuliza, mguu mmoja nje, kama mwakani ningependa tuipime namba pamoja kabla haijapakwa rangi. Yeye na simu yake, mimi na penseli yangu.

Nimemshukuru. Nimemwambia haitakuwa lazima. Anatafuta kugawana sifa, ni wazi.

Kwa sababu namba ya mwakani ninayo tayari! Imenijia nikiwa nanyoa ndevu. Ile ile ya mwaka huu, kisha mwishoni moja. Moja ya umoja! 1708194591. Itazame! Tarakimu kumi! Imeanza na moja, imekwisha na moja, kama mtaa wenye lango mbele na nyuma. Hii sasa ndiyo tasa yenyewe. Ukiiona tu unajua.

Nimetoka moja kwa moja kwenda kwa Gimin. Ameniuliza kama nimeipima safari hii. Nikamuuliza ni mzazi gani anampima mtoto wake kabla ya kumpa jina. Ameshaanza kuchora ile moja ya mwisho kwa penseli, na nimemwambia aitie kivuli.

Nimerudi nikaisoma kwa sauti barazani. Mama Ratri, akiwa jikoni, amejumlisha tarakimu zake huku akikata tempe. Akasema zinafika arobaini na tano. Akasema arobaini na tano inagawanyika kwa tisa, kwa hiyo na namba nzima inagawanyika kwa tisa, na kwamba kanuni hiyo aliisikia nikimfundisha Ratri alipokuwa darasa la nne.

Nimemwambia hiyo ni kanuni ya watoto wa darasa la nne. Hii ni namba ya watu wazima.

Gimin atatia dhahabu kesho.